Nani Ametia Sahihi?

Wahenga wetu walituachia methali ambayo mtaalamu wa masoko wa leo akiisikia anaweza kudhani ametukanwa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake sote tunaijua. Mwenye maembe matamu hana haja ya kupiga kelele sokoni. Mwenye maembe yaliyooza ndiye anayezunguka mitaani akiyasifu. Lakini dunia imebadilika. Siku hizi kizuri nacho kinajitembeza, tena usiku na mchana, ndani ya simu zetu, na asiyejitembeza hufunga duka hata kama mali yake ni safi. Basi hatuna tena haja ya kuuliza kama ni halali kujitembeza. Ninalotaka tulitafakari pamoja katika toleo hili ni jambo jingine: anayelipwa kumtembeza mwenzake, au kumchafua mwenzake, ana wajibu wa kuonyesha uso wake?

Swali hili limenijia katika makongamano. Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nilisomea Uingereza miaka ya 1990, na kwa miaka mingi sasa riziki yangu iko hapa Johannesburg. Mtu atauliza, mhandisi anatafuta nini katika mikutano ya chapa na mitandao ya kijamii? Jibu ni rahisi. Siku hizi mradi wa barabara au wa maji usipoelezwa vizuri kwa wananchi, uvumi unaweza kuusimamisha kabla mvua haijausimamisha. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za uhandisi hutuma watu wao kuwasikiliza wataalamu wa mawasiliano, na mimi nimekuwa miongoni mwa wanaotumwa. Baadhi ya mikutano hiyo nimeihudhuria Doornfontein, mtaa ulioko mashariki tu mwa katikati ya jiji, penye kampasi ya Chuo Kikuu cha Johannesburg ambayo kabla ya mwaka 2005 ilikuwa ya Technikon Witwatersrand.

Wanaofahamu mikutano hii wanajua utaratibu wake. Unapewa beji ya kuvaa shingoni, mkoba wenye nembo za wafadhili, kahawa, kisha unaketi siku nzima. Unafundishwa saa ya kuweka picha ili ionekane na wengi, namna ya kuhesabu walioitazama, jinsi ya kuwalipa wale wanaoitwa washawishi, na jinsi ya kujijengea chapa yako binafsi. Wazo hili la mwisho si jipya. Mmarekani Tom Peters aliliandikia makala katika jarida la Fast Company mwezi Agosti 1997, akiwashauri wafanyakazi wajitangaze kama kampuni zinavyotangaza bidhaa.

Sitaki kuwabeza wanaofundisha mambo hayo. Wengi ni vijana hodari na wana faida kubwa kwa watu wa chini. Mama wa Kikongo anayeuza sombe na makayabu katika soko la Yeoville, umbali mfupi kutoka Doornfontein, hana fedha za kununua nafasi katika televisheni. Simu yake ndiyo gazeti lake na redio yake. Akifundishwa kupiga picha nzuri ya bidhaa yake na kuijibu meseji ya mteja kwa adabu, ameongezewa mtaji bila riba. Hilo ni jema, na mwenye kulipinga ana wivu.

Lakini katika yote niliyosikia kuna neno moja ambalo halikupewa kipindi. Nimesikia jinsi ya kuufikisha ujumbe kwa watu milioni moja. Sijasikia ni nani atakayeulizwa ujumbe huo ukimfikia mtu mwenye kiberiti mkononi.

Doornfontein penyewe panatufundisha jambo kuhusu majina yanayouzwa. Jina lake kwa Kiholanzi ni chemchemi ya miiba. Hapo ndipo ulipo uwanja wa Ellis Park, uliopewa jina la diwani J.D. Ellis, na ndipo Nelson Mandela alipokabidhi Kombe la Dunia la raga mwaka 1995 akiwa amevaa jezi ya timu ya taifa. Mwaka 2008 jina la uwanja huo liliuzwa, ukaitwa Coca-Cola Park. Baadaye, mwaka 2015, ukaitwa Emirates Airline Park. Wakazi wengi hawakujisumbua. Kwao ulibaki Ellis Park. Na ukiinua macho kutoka mitaa hiyo unaliona jumba la Ponte, ghorofa 54, lililokamilika mwaka 1975. Juu yake kwa miaka mingi liliwekwa tangazo la taa la Coca-Cola, na kuanzia mwaka 2000 likawekwa la Vodacom, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mbali sana.

Mtu anaweza kulalamika kwamba ni ufidhuli kuuza jina la uwanja ambamo watu 43 walipoteza maisha katika msongamano wa tarehe 11 Aprili 2001, Kaizer Chiefs walipokutana na Orlando Pirates. Mimi nalielewa lalamiko hilo. Hata hivyo, tangazo la namna hiyo lina heshima moja ambayo hatuna budi kuikiri: limejitaja. Aliyelipa ndiye aliyeandikwa, tena kwa herufi kubwa. Ukichukizwa nalo unajua pa kupeleka hasira yako. Unaweza kususia soda, au ukahama kampuni ya simu.

Sisi watu wa pwani na bara tulijua mambo haya kabla ya makongamano. Chukua kanga. Kanga ni kitambaa na ni chombo cha habari. Maneno yaliyoandikwa juu yake tunayaita jina la kanga, na mwanamke mwenye jambo na jirani yake hununua jina linalomfaa, akajifunga, akapita mlangoni pa huyo jirani taratibu. Hajatamka neno. Akiulizwa atasema, ah, mimi nimependa maua tu. Ni fumbo, na utamaduni wetu unayaruhusu mafumbo. Lakini angalieni: mwenye fumbo amelivaa mwilini. Anaonekana. Anapita kwa miguu yake, na mtaa mzima unajua nani amesema na nani amesemwa. Aidha, kanga zenye sifa zilikuwa na alama ya mtengenezaji pembeni. Wengi wetu tumekulia nyumba zenye kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilizoandikwa Mali ya Abdulla. Mfanyabiashara alitia jina lake kwenye bidhaa, na mvaaji akatia mwili wake kwenye ujumbe. Hizo ni sahihi mbili katika doti moja.

Na hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kuzungumza kama mhandisi. Katika kazi yangu, mchoro usiotiwa sahihi ni karatasi tu. Boriti haiwekwi, nguzo haimwagwi zege, mpaka mtu mwenye jina na namba ya usajili ameandika kwamba amepiga hesabu na anawajibika. Afrika Kusini ina baraza la wahandisi chini ya sheria namba 46 ya mwaka 2000. Tanzania imekuwa na bodi ya kuwasajili wahandisi tangu mwaka 1968, na Kenya ilitunga upya sheria yake mwaka 2011. Sheria hizi hazikuja kwa sababu wahandisi ni watu wabaya. Zilikuja kwa sababu kazi yetu inabeba uzito ambao anayepita chini yake hawezi kuupima. Mama anayevuka daraja na mtoto mgongoni hana kipimo cha zege. Anaamini. Sahihi ni malipo yetu kwa imani hiyo.

Sisemi kwamba sahihi inazuia maafa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, likaua watu 36. Tarehe 14 Oktoba 2015 hapa Johannesburg vyuma vya muda vya daraja la Grayston viliporomoka juu ya barabara kuu ya M1, watu wawili wakafa na 19 wakajeruhiwa. Sahihi haikuwarudisha marehemu. Lakini siku ya pili yake, kote kuwili, kulikuwa na swali lenye maana: nani alichora, nani alikagua, nani aliidhinisha? Msiba ulikuwa na mlango wa kugonga. Jamii isiyo na mlango wa kugonga ikifikwa na msiba haina la kufanya ila kutafuta wa kumpiga, na mara nyingi humpiga asiyehusika.

Sasa tuitazame fani ya kushawishi kwa jicho hilo. Maneno nayo hubeba uzito. Tunaishi chini yake kama tunavyoishi chini ya dari.

Mwaka 2016 kampuni ya uhusiano wa umma ya London, Bell Pottinger, ilichukua kazi ya Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta iliyokuwa na makazi yake Saxonwold hapa Johannesburg na ukaribu mkubwa na Rais wa wakati huo, Jacob Zuma. Malipo yalikuwa pauni 100,000 kwa mwezi. Familia hiyo ilikuwa ikiandamwa na tuhuma za kuiteka serikali. Kampeni iliyobuniwa ikaelekeza macho ya wananchi kwingine, kwenye ukiritimba wa mtaji wa wazungu. Wakati huohuo Twitter ikajaa akaunti bandia zilizokuwa zikiimba wimbo huohuo na kuwatukana waandishi wa habari waliochunguza. Kampuni ilikana kuhusika na akaunti hizo. Julai 2017 mkurugenzi wake mkuu, James Henderson, aliomba radhi kwa kampeni. Tarehe 4 Septemba 2017 chama cha wataalamu wa uhusiano wa umma cha Uingereza kiliifukuza kampuni uanachama kwa muda usiopungua miaka mitano, kikisema kazi yake ilielekea kuchochea mfarakano wa rangi. Wateja wakakimbia, na siku nane baadaye ikawekwa chini ya wafilisi.

Ninaomba tusipite haraka hapa, maana kuna jambo linalowachanganya wengi. Ubaguzi wa kiuchumi Afrika Kusini si uzushi. Tofauti ya mali kati ya mweusi na mweupe mtu anaiona kwa macho, akitoka Alexandra kuingia Sandton, barabara moja tu kati yao. Kwa hiyo mtu angeweza kuitetea kampuni ile akasema: mbona walisema kweli? Jibu langu ni kwamba kweli ile haikuwa yao. Waliikodi. Kilio halali cha maskini kilichukuliwa na kufanywa ngao ya tajiri, na maskini aliyekisikia kilio chake kikirudi kwake kwa sauti kubwa hakujua nani anakilipia. Laiti angejua, angelikipima kilekile kwa mizani nyingine. Kwa hiyo hata maneno ya kweli yanaweza kuwa udanganyifu, iwapo kinywa kinachoyasema kimefichwa.

Nyumbani Afrika Mashariki hatuko salama zaidi. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri, ambamo ofisa wa Cambridge Analytica alijigamba kwamba kampuni yao ilikibadilishia chama cha Rais Uhuru Kenyatta sura mara mbili na kukiandikia ilani. Chama cha Jubilee kilieleza kwamba kiliiajiri kampuni nduguye, SCL, kwa kazi ya chapa tu. Kazi ya chapa tu! Neno lilelile la makongamano yetu. Na katika uchaguzi huo wa 2017 ilisambaa tovuti iitwayo The Real Raila, ikimchora marehemu Raila Odinga kama maangamizi ya nchi. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza kwamba tovuti hiyo ilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas. Mkenya wa Kisumu au Nakuru aliyeisoma alidhani anamsikia Mkenya mwenzake, katika nchi ambayo miaka kumi kabla ilizika watu zaidi ya 1,100 kwa ghasia za uchaguzi.

Baadaye kazi hiyo ikashuka bei. Septemba 2021 ulitoka uchunguzi wa taasisi ya Mozilla kuhusu washawishi wa Twitter nchini Kenya. Vijana walikuwa wakipewa maelekezo katika makundi ya WhatsApp, nini waandike, saa ngapi na kwa alama gani ya reli, kwa malipo ya kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Miongoni mwa waliolengwa walikuwa majaji na watetezi wa haki waliopinga mpango wa kubadili katiba ulioitwa BBI. Aliyelipa hakujulikana.

Na sisi wageni wa Johannesburg je? Mwaka 2020 mitandao ya nchi hii ilivuma kwa kaulimbiu ya #PutSouthAfricansFirst, yaani Waafrika Kusini kwanza. Mojawapo ya akaunti zilizoipuliza zaidi ilijiita uLerato_pillay, yenye sura ya msichana. Lerato kwa Kisotho ni upendo. Julai mwaka huo watafiti wa maabara ya DFRLab walieleza jinsi akaunti hiyo ilivyokuwa ikieneza chuki dhidi ya wageni, na ufuatiliaji ukaishia kwa mwanamume aliyewahi kuwa askari. Septemba waandamanaji walikwenda hadi kwenye balozi za Nigeria na Zimbabwe mjini Pretoria. Hapana shaka wengi wa waliofuata kaulimbiu ile ni watu halisi wenye shida halisi: hawana kazi, na hospitali zimejaa. Mtu anayo haki ya kusema hayo mbele yetu, naye tumjibu. Tuliyekuwa hatuwezi kumjibu ni Lerato, kwa sababu Lerato hakuwepo.

Kwa anayeishi hapa hili si somo la darasani. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra yaliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Mapema Septemba 2019 maduka yalichomwa na kuporwa Jeppestown, mtaa wa jirani kabisa na Doornfontein. Mbinu za kukusanya macho ya watu zinazofundishwa upande mmoja wa reli ndizo zinazoweza kukusanya watu wenye mawe upande wa pili. Ni chombo kilekile.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza ni kwamba chombo hakina kosa. Kisu hukata kitunguu na hukata mtu. Ni kweli. Lakini nondo na saruji nazo hazina kosa, na bado hatumruhusu kila apendaye kumwaga zege ya ghorofa kumi bila jina lake kwenye mchoro. Chombo kikishakuwa na uwezo wa kuwaangukia wengi, jamii ina haki ya kumuuliza anayekishika. Hatuulizi ili tumzuie. Tunauliza ili tumjue.

Jibu la pili ni zito zaidi, na nimelifikiria kwa muda mrefu. Je, kudai sahihi si kumsaidia mwenye nguvu amkamate mnyonge? Watanzania tunakumbuka Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alipokamatwa na kufikishwa mahakamani baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Wapo waliofichua ubadhirifu kwa majina ya kubuni, na lau wangetia majina yao halisi wangepoteza kazi, wengine zaidi ya kazi. Wenyeji wa hapa nao wanakumbuka vipeperushi vya siri vya enzi za ubaguzi. Je, hao nao ni wadanganyifu?

La hasha. Nionavyo mimi, kuna aina mbili za kujificha, na tukizichanganya tutamwonea mmoja au tutamwachia mwingine. Karani anayefichua wizi wa bosi wake anasema la kwake: aliyoyaona kwa macho yake, dhidi ya mtu mwenye nguvu kuliko yeye, na hakuna anayemlipa kwa kila neno. Anaficha jina lake ili ushahidi wake uweze kusikika. Kampuni inayoanzisha akaunti mia zenye sura za watu wasiokuwepo inafanya kinyume chake. Inasema la mtu mwingine, kwa ujira, na inamficha mwenye nguvu nyuma ya sura za wanyonge. Wa kwanza amevaa barakoa usoni pake. Wa pili ameiba nyuso za watu. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni nyembamba, wala haimgusi karani: anayelipwa kushawishi umma aseme amelipwa na nani. Akitaka kubaki na jina lake la utani na abaki nalo, lakini jina la mwenye mfuko litajwe, kama lilivyotajwa juu ya Ponte.

Na mzigo uanzie juu. Jengo likianguka hatuanzi na kibarua aliyebeba ndoo ya kokoto. Kijana wa Nairobi mwenye shahada na asiye na ajira, anayepokea dola 10 kwa siku, ana sehemu yake ya lawama, maana anajua kwamba kundi lile la WhatsApp si msikiti wala kanisa. Lakini sehemu kubwa ni ya aliyeandika maelekezo, na kubwa zaidi ni ya aliyetoa fedha na hakutaka risiti iandikwe jina lake. Ningependa kongamano lijalo, popote litakapofanyika, litenge walau saa moja kwa ajili ya hilo, kabla ya somo la kuhesabu wafuasi.

Nimewasema wataalamu, sasa tujitazame wenyewe. Sisi tunaoishi ughaibuni tumejaa katika makundi: ya mkoa, ya shule tuliyosoma, ya misiba, ya dini. Kila wiki huingia ujumbe wa kutisha, na mtumaji huambatanisha maneno manne tunayoyajua sote: nimetumiwa, natuma kama ilivyo. Tafsiri yake ni kwamba mimi ninakupa mzigo huu, ukikuangukia usiniulize. Hiyo ni sahihi ya kukataa kutia sahihi.

Septemba 2019, Jeppestown ilipokuwa ikiungua, ilizunguka barani video ya watu wakiruka kutoka ghorofani, jengo likiwaka moto. Ilisemwa ni Waafrika wenzetu wanachomwa Afrika Kusini. Wachunguzi wa habari walibaini kwamba video hiyo ilitoka Surat, India, katika moto wa mwezi Mei mwaka huohuo. Ghasia za Johannesburg zilikuwa za kweli. Hazikuhitaji kuongezewa marehemu wa India. Lakini hasira iliyochochewa na picha za namna hiyo ilikwenda mpaka Nigeria, ambako maduka yaliyohusishwa na Afrika Kusini yalivamiwa, na ndani ya maduka hayo walikuwamo Wanigeria waliokuwa kazini. Hapakuwa na kampuni ya London katika kuisambaza video ile. Tulitosha wenyewe, kila mmoja na kidole gumba chake. WhatsApp yenyewe iliona hatari: Januari 2019 ilipunguza usambazaji hadi watu au makundi matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi ukawekewa mpaka wa mmoja mmoja.

Ajabu ni kwamba uwajibikaji tunaujua. Akifariki mwenzetu hapa, na mwili ukitakiwa kusafirishwa kwenda Kigoma, Mombasa au Bukavu, orodha ya michango huanza usiku uleule. Namba moja, jina, kiasi. Namba mbili, jina, kiasi. Mweka hazina akikosea randi hamsini ataulizwa mbele ya watu wote, naye atajibu kwa jina lake. Hatumruhusu mtu aandike kwamba fedha hizi nimetumiwa, nami naziweka kama zilivyo, msiniulize zilikotoka. Kwa nini basi neno linaloweza kumfanya mtu achomewe duka lake tulipokee kwa masharti mepesi kuliko mchango wa randi 200?

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala kongamano. Kabla ya kuusambaza ujumbe unaomhusu mtu au kabila au taifa, tuandike mstari mmoja: nimeupata kwa fulani, nimeuhakiki kwa njia hii, nami nitaulizwa. Asiyeweza kuuandika mstari huo auache ujumbe ulale kwenye simu yake. Yatakayopungua ni mengi, na yatakayobaki tutayaamini zaidi.

Wenye mawazo tofauti, na natumaini wapo, wamwandikie mhariri, nami nitawajibu. Jarida hili halichapi barua isiyo na jina, na kwa maoni yangu lisibadili utaratibu huo.

Wasalaam.